Safari ndefu ya miguu juu ya lami: Tazama nyayo zako kwanza

Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ukisimama kando ya barabara hapa Matisi utawaona watu wakielekea mjini Kitale kwa miguu. Kuna vibarua wa ujenzi, kina mama wenye mafurushi ya sukuma wiki, wanafunzi, na mabawabu wanaotoka zamu ya usiku. Ukimwuliza mmoja wao kama anafanya mazoezi, atakucheka. Yeye anaokoa nauli.

Miaka ya karibuni nimeanza kuona watembezi wa namna nyingine. Hawa hutoka Jumamosi, wamevaa raba na kofia, chupa ya maji mkononi. Ni walimu, makarani, wenye maduka, watu wa miaka arobaini na kuendelea. Wengi wao wametumwa barabarani na daktari. Daktari amewapima presha akatikisa kichwa, kisha akawaambia maneno ambayo sisi madaktari tunapenda kuyasema kwa sababu hayatugharimu kitu: "Uwe unatembea."

Nami nilimwambia mgonjwa wangu mmoja maneno hayo hayo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake miaka 54, ana presha na amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Alinitii. Alianza kutembea kutoka Matisi hadi mjini na kurudi, siku tatu kwa wiki. Presha ikashuka kidogo, mshipi ukalegea tundu mbili, na mimi nikafurahi. Kisha shule zilipofungwa mwezi wa Agosti alikwenda kumtembelea binti yake anayeishi Githurai. Binti huyo na wenzake wa kazini walikuwa wamepanga kutembea kwa miguu siku moja kutoka Nairobi hadi Juja, kwa kufuata njia ya waendao kwa miguu na baiskeli iliyojengwa sambamba na barabara kuu ya Thika. Mwalimu akasema naye yumo.

Siku tisa baadaye aliingia kliniki kwangu akichechemea kidogo. "Daktari, uliniambia nitembee," alisema. "Nimetembea." Alipovua kiatu cha kulia niliisikia harufu kabla sijaona chochote. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kipana kama sarafu ya shilingi 20, kingo zake nyeupe, katikati usaha. Yeye alikuwa haoni maumivu yoyote. Alikuwa amekigundua siku ya tatu tu, alipoona soksi ina doa.

Nitarudi kwa mwalimu. Kwanza nataka tuelewane juu ya jambo lenyewe, kwa maana wasomaji kadhaa wameniuliza mwaka huu kama kutembea mbali juu ya lami ni dawa au ni hatari.

Dereva na utingo

Kwamba kutembea kunalinda moyo si porojo. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji huo. Madereva walikuwa wakikaa kitini kutwa nzima. Utingo walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikusanya nauli. Watu hawa walitoka mitaa ile ile na walifanya kazi katika basi moja, lakini madereva waliugua moyo zaidi sana kuliko utingo, na walipougua walikufa upesi zaidi. Kila ninapomwona dereva wa matatu wa njia ya Kitale na Webuye akishuka garini kwa shida, tumbo likimtangulia, huku utingo wake akiruka kama swala, huwakumbuka watu wa London.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa kutosha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumwimbia.

Angalieni basi: anayetoka Matisi kwenda kazini mjini kwa miguu na kurudi kila siku amekwisha timiza sharti hilo bila kujua. Hana haja ya kwenda Juja.

Na zile hatua 10,000 ambazo kila mwenye simu anazitaja? Hazikutoka katika kitabu cha udaktari. Zilitoka Japani mwaka 1965, wakati kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi." Lilikuwa jina zuri la biashara. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliochunguza wanawake wazee waliona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Nawaambia haya hasa wale wagonjwa wangu wanaokata tamaa kwa sababu simu haijafika 10,000.

Mtu anaweza kutaka kutembea mbali kwa sababu nyingine kabisa. Anataka kuona kama anaweza. Anataka kukaa na watoto wake siku nzima bila runinga. Sababu hizo ni njema na sina ugomvi nazo. Ila safari ya kilomita 30 ni kazi ya siku nzima kwa mwili, na ni lazima mwili uandaliwe kama unavyoandaliwa kwa kazi.

Njia yenyewe

Barabara kuu ya Thika, ile yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012. Watu huzungumza juu ya njia zake nyingi za magari, lakini kilichonivutia mimi ni kwamba wajenzi waliwakumbuka pia wenye miguu. Kando yake kuna njia za waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, na vivuko vya juu vya kupita bila kugombana na magari. Ukitoka mjini unapita Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai, Kahawa, Ruiru, kisha Juja kwenye chuo kikuu cha Jomo Kenyatta. Mpaka hapo umekwenda takriban kilomita 30.

Nchi nyingine wana njia za lami ambazo hazina magari kabisa. Karibu na mji wa Washington huko Marekani kuna moja yenye kilomita kama 72, iliyotandazwa mahali palipokuwa na reli iliyoacha kazi mwaka 1968. Watu hutembea, hukimbia, huendesha baiskeli, na mahali pengine hupanda farasi kando yake. Sisi hatuna kitu kama hicho. Njia ya Thika inapita ubavuni mwa magari, na si ya watembezi peke yao: utakutana na bodaboda anayekwepa msongamano, na wachuuzi wa ndizi na soksi. Mwenye pumu na ajue kwamba atavuta moshi wa magari kwa saa saba au nane, na achukue dawa yake ya kuvuta.

Kwetu hapa Trans Nzoia na Bungoma, anayetaka kutembea mbali juu ya lami atapita ukingoni mwa barabara ya kawaida: kwenda Kiminini na Webuye, au upande wa Kapenguria, au Endebess. Kwa hiyo sheria ya kwanza haihusu mguu wala moyo. Katika nchi hii, katika wote wanaokufa barabarani, walio wengi ni waendao kwa miguu. Magari yetu hushika upande wa kushoto, basi wewe tembea upande wa kulia ili uyaone yanayokujia. Vaa nguo nyeupe au ya rangi kali. Usitembee kabla ya mapambazuko wala baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Ondoa vile vidude vya muziki masikioni. Kikundi kitembee kwa mstari mmoja, wala si watu wanne bega kwa bega wakijadili siasa.

Anayetaka kutembea bila hofu ya gari hata moja aende Saiwa, ile mbuga ndogo ya kinamasi iliyo upande wa Kapenguria. Ni ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini, kilomita 3 tu za mraba, na magari hayaingii. Unatembea msituni na juu ya madaraja ya mbao, na ukiwa na bahati unamwona nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Lakini hiyo si lami, na makala haya ni ya lami.

Lami inafanya nini kwa mguu

Watu huniambia lami inaharibu magoti kwa sababu ni ngumu. Sikubaliani nao kabisa. Goti zima halichakai kwa kutembea. Tena goti lisilotumika ndilo linalokakamaa na misuli yake kulegea. Wengi wenye maumivu ya magoti hupata nafuu wanapotembea kwa kiasi. Ubaya wa lami uko mahali pengine. Iko sawasawa mno.

Ukipita njia ya shambani, kila hatua ni tofauti. Hapa jiwe, pale mzizi, pengine tope. Mguu unakanyaga kwa kisigino mara hii, kwa ubavu mara ijayo, na kazi inagawanyika kati ya misuli na kano nyingi. Juu ya lami kila hatua ni ndugu pacha wa ile iliyopita. Katika kilomita moja mtu mzima hupiga hatua kama 1,300. Katika kilomita 30 hizo ni hatua 39,000, yaani kila unyayo unagonga chini mara 19,500, na kila mara ukibeba uzito wa mwili wote na zaidi kidogo. Kama kuna mshono ndani ya kiatu unaokwaruza kidole kidogo, umekikwaruza mara 19,500.

Tena barabara ya magari haiko tambarare kama unavyodhani. Imeinuliwa katikati na kuinamishwa pembeni ili maji ya mvua yateremke. Ukitembea ukingoni kwa saa nyingi, mguu mmoja uko chini kuliko mwingine muda wote, na nyonga na goti vinalipa. Hii ndiyo sababu mtu hutembea kilomita 10 akarudi analalamikia upande mmoja tu. Pale penye njia ya kando iliyotandazwa sawa, itumie.

Lengelenge nalo watu hulifikiria kuwa ni kuungua. La. Ngozi ya juu imeshikwa na soksi, mfupa wa ndani unasogea mbele na nyuma, na kati ya hivyo viwili ngozi inavutwa hata tabaka zake zikaachana. Pengo hilo linajaa maji. Jasho huzidisha, kwa kuwa ngozi iliyolowa hushika zaidi kuliko iliyo kavu. Kwa hiyo dawa yake ni kuzuia kusuguana na kukausha mguu. Unaposikia sehemu ya mguu inapata moto, usisubiri kituo kijacho. Kaa chini hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta, badili soksi. Dakika tano zitakuokolea siku tano.

Likishakuwa lengelenge dogo, liache na ulifunike. Likiwa kubwa na linauma, mtu asiye na sukari anaweza kulitoboa pembeni kwa sindano safi iliyochemshwa, akatoa maji na kuacha ngozi juu kama kifuniko. Usiivue hiyo ngozi. Mwenye ugonjwa wa sukari asitoboe kitu, aje kliniki.

Viatu visiwe vipya. Viwe vimevaliwa wiki kadhaa. Vinunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole chako kirefu. Raba za mtumba ni nzuri na nyingine ni bora kuliko mpya za bei rahisi, lakini kumbuka kiatu hicho kimekwisha jifunza mguu wa mtu mwingine. Tazama soli yake: kama imelika upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyaga hivyo, na sasa atakulazimisha ukanyage kama yeye. Nimeulizwa juu ya akala. Kwa aliyezizoea tangu utoto ni viatu vizuri sana vya kutembelea. Kwa karani aliyezinunua jana, hapana.

Mguu usiosikia

Sasa nirudi kwa mwalimu, maana hapa ndipo nilipokosea.

Sukari ikikaa juu katika damu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu kuliko yote, ambayo ndiyo inayofika vidoleni. Mwanzoni mtu husikia ganzi, au kama siafu wanatambaa, au moto nyayoni usiku. Kisha dalili hizo hupungua na yeye hushukuru Mungu akidhani amepona. Hajapona. Mishipa imenyamaza. Ukiwa na mguu kama huo, lengelenge linaanza, linapasuka, linaingia uchafu, nawe unaendelea kutembea na kucheka na wenzako. Maumivu ni mlinzi wa mguu, na mlinzi huyo amekufa.

Mwalimu alipokuwa akija kwangu kila mwezi nilimpima presha, nikampima sukari, nikamwandikia dawa. Nilimwambia atembee. Katika miaka mitatu sikumwambia hata mara moja avue viatu. Chumba changu ni kidogo, foleni ni ndefu, na viatu vyake vilikuwa na kamba. Hizo ndizo sababu, nami naona haya kuziandika.

Kuna kipimo kinachoweza kufanywa nyumbani bila chombo chochote. Kilitungwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Mwenye sukari alale au akae, afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kama kipepeo anavyotua, kwa sekunde moja au mbili. Asibonyeze wala asikwaruze. Aguse ncha ya kidole gumba, ncha ya kidole cha kati, na ncha ya kidole kidogo, mguu wa kulia na wa kushoto. Hizo ni sehemu sita. Mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto" kila anaposikia. Akikosa mbili au zaidi, mguu huo umepoteza hisia na asiende safari yoyote ndefu mpaka aonwe na daktari. Mke wa mwalimu alipomfanyia kipimo hiki mbele yangu, alikosa nne.

Aliyekosa hakatazwi kutembea daima. Atatembea, lakini kidogo kidogo, kwa viatu vyenye nafasi na soli laini, na atatia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa ili aone kama kuna kijiwe. Kila jioni atazama nyayo zake; kama macho hayaoni vizuri, mjukuu atazame. Ajipake mafuta kwenye visigino visipasuke, ila si katikati ya vidole, kwa sababu huko unyevu huleta ukungu.

Mwenye sukari anayedunga insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, ana hatari nyingine. Misuli inayofanya kazi saa nyingi hunywa sukari yote, nayo inaweza kushuka ghafla, hata usiku wa siku ile. Dalili ni jasho jembamba la baridi, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Wenzake wanaweza kudhani amelewa. Apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Mfukoni awe na sukari: vijiko vinne vidogo katika maji, au soda ya kawaida, kisha apime tena baada ya dakika 15. Dawa ya siku hiyo huenda ikahitaji kupunguzwa, lakini hilo ni la kuamua na daktari wiki moja kabla, wala si la kujikatia njiani. Metformini peke yake mara chache huleta shida hii.

Maji, jua na vidonge vya maumivu

Asubuhi za Kitale ni baridi, na baridi hudanganya. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kwenye miinuko miale ya jua ni mikali hata kama upepo unakupuliza. Kofia yenye ukingo ni ya lazima, na kwa ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni jambo la uhai.

Juu ya maji, watu wamekwenda kutoka kosa moja hadi jingine. Zamani walitembea bila kunywa. Siku hizi kuna wanaokunywa lita baada ya lita hata kama hawana kiu, kwa kuwa wamesoma mahali kwamba maji ni uhai. Maji mengi mno huchuja chumvi iliyo katika damu, ubongo ukavimba, mtu akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa. Mwaka 2002 madaktari waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za marathon za Boston, na 13 katika kila 100 walikutwa chumvi ya damu imeshuka kuliko inavyotakiwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa. Kunywa unapoona kiu, mafunda machache, na ule kitu chenye chumvi kidogo njiani: njugu, mahindi ya kuchemsha, mayai. Ndizi ni rafiki mzuri. Rangi ya mkojo itakuambia mengine; ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa kunywa.

Kuna jambo moja ningetaka lisomwe mara mbili. Wengi wakianza kuumwa miguu huingia duka la dawa na kununua ibuprofeni au diklofenaki. Kwa kijana mwenye afya aliyekunywa maji, kidonge kimoja si neno. Lakini wewe ambaye unatumia dawa za presha, hasa vile vidonge vya kukojoza au dawa za kundi la enalaprili na losatani, na umetoka jasho kutwa, ukiongeza kidonge hicho unaziweka figo zako katika mateso matatu kwa pamoja. Nimeona figo zikisimama kwa namna hiyo. Tumia paracetamol, na upumzike. Wala usiache dawa yako ya presha asubuhi ya safari eti isikusumbue kwa mkojo.

Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima na kuondoka ukisimama hayana mjadala. Safari imekwisha, tafuta gari, nenda hospitali. Vivyo hivyo ndama ya mguu inayouma kila baada ya umbali ule ule na kutulia ukisimama: huenda mshipa wa damu umeziba. Na ndama ya upande mmoja iliyovimba na kuwa na joto siku moja au mbili baada ya safari, hasa kama ulirudi kwa basi la usiku umekaa saa nane, usiikande kwa maji moto. Inaweza kuwa damu imeganda ndani.

Matayarisho yanayotosha

Mtu ambaye amezoea kilomita 3 asiende 30. Kosa la mwalimu halikuwa umri wala sukari peke yake. Alitoka kilomita chache za kwenda mjini akaruka hadi Juja kwa siku moja. Ningemshauri apate miezi mitatu. Safari moja ndefu kila wiki, ikipanda polepole: 5, 7, 9, 12, kisha wiki moja ya kupunguza, halafu 15, 18, 22. Siku nyingine za wiki atembee kidogo kama kawaida. Anayefika 22 bila malengelenge na akaamka kesho yake akaenda kanisani au sokoni bila kuchechemea, atafika 30. Avae katika mazoezi kiatu kile kile na soksi zile zile atakazovaa siku yenyewe. Na apange mahali pa kukatiza: uzuri wa barabara kuu ni kwamba matatu hazikosekani, na nauli iwe mfukoni kwa kila mmoja, hata kwa yule anayejigamba.

Kidonda cha mwalimu kilichukua wiki kumi na moja kupona. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa ulikuwa mzima, na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu mfupa ukishaingiwa na usaha mara nyingi kidole hukatwa. Alikuja kufungwa bandeji siku tatu kila wiki, na muda wote huo hakukanyagia mguu ule ila kwa kisigino, akifundisha darasa la nne akiwa ameketi. Kwa mwezi mmoja wa kwanza sukari yake ilikataa kushuka, kama inavyofanya panapokuwa na usaha mwilini, ikabidi tuongeze insulini.

Mwezi wa Januari alianza tena kutembea, kutoka nyumbani kwake hadi mjini, upande wa kulia wa barabara. Binti yake amemnunulia viatu vipana ambavyo anasema vinamfanya aonekane kama bata. Anapokuja kliniki siku hizi hasubiri kuambiwa. Akishaingia tu huketi, hufungua kamba, huvua soksi zote mbili na kuziweka juu ya goti, halafu ndipo tunasalimiana.